Ilimba, tromboni na kinanda king'ang'anizi: uchambuzi wa kisa cha bendi ya jazi ya chuo, Dodoma

## Kuhusu kisa hiki

Hiki ni kisa cha bendi ya jazi ya wanafunzi wa chuo kimoja jijini Dodoma, iliyotunga na kurekodi kazi ndefu na ngumu kuliko chochote ilichowahi kupiga. Jina la chuo, majina ya wahusika, kijiji alikotoka mgeni wao na mambo mengine ya kuwatambulisha yameondolewa. Mimi nilikuwamo kwa nafasi ndogo: niliitwa kuwanoa wapiga tarumbeta na tromboni, na kazi ilipokwisha nikakaa na karibu kila aliyehusika, mmoja mmoja. Nimeandika nikiwafikiria walimu wa muziki, viongozi wa bendi na maprodyuza.

## Usuli

Bendi ilikuwa na wapigaji 16: saksafoni nne, tarumbeta nne, tromboni tatu, kinanda, gitaa, besi, drams na tumba. Bendi kubwa ya jazi ya Kimarekani kwa kawaida ina watu 17, kwa hiyo kwa idadi hawakuwa mbali. Tofauti ilikuwa walikotokea. Wapuliza wengi walilelewa na bendi za tarumbeta za makanisani, na wawili waliwahi kupiga brasi bendi jeshini. Wa gitaa na besi walitoka kwenye kwaya, na mpiga drams alikuwa akijipatia riziki kwenye harusi. Jazi waliyoikuta nyumbani ni ile ya Morogoro Jazz, Western Jazz na Nuta Jazz, yaani rumba na chacha. Swing, yaani mdundo wa jazi ya Kimarekani, walikutana nayo chuoni.

Mtunzi alikuwa mhadhiri msaidizi kijana, mpiga kinanda, aliyetaka kutunga kitu ambacho ndani yake muziki wa Wagogo ungekuwa uti wa mgongo badala ya pambo la mwanzo na mwisho. Alikuja na rasimu ya dakika 24 yenye sehemu nne zinazofuata mwaka wa mkulima wa Dodoma: "Kiangazi", "Mbegu", "Mvua" na "Mavuno". "Mbegu" ilijengwa juu ya ilimba, ala ya Kigogo ya ndimi za chuma juu ya sanduku, na "Mvua" juu ya muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo. Bajeti ilitoka sehemu chuoni na sehemu kwenye michango. Tarehe ya mwisho ilikuwa moja tu: kurekodi kuwe kumeisha kabla wanafunzi hawajatawanyika likizo, yaani Julai.

## Tatizo la kwanza: nota

Mtunzi aliandika kwa nota za mistari mitano. Kati ya wapuliza 11, ni wachache waliozisoma bila kukwama. Waliobaki walisoma solfa, yaani d, r, m, f za kwaya, na waliisoma vizuri. Nasisitiza hilo kwa sababu wapo walimu wanaoiona solfa kama hatua ya watoto kabla ya muziki "wa kweli". Mtu aliyezoea kushika sauti yake ya kwaya Jumapili kwa karatasi aliyopewa Ijumaa si mwanafunzi wa hatua ya kwanza.

Ila "Kiangazi" ilikuwa na akodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) zinazohamisha kituo kila baada ya miliki mbili, miliki ikiwa fungu moja la mapigo, "bar" kwa Kiingereza. Katika solfa, do inahama na ufunguo, na kila inapohama unaandika sauti ya daraja, yaani sauti moja yenye jina lake la do ya zamani na la do mpya. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na madaraja mengi kuliko nyimbo nzima za kitabu cha kwaya. Vijana walikuwa wakifika daraja la tatu hawajui tena do iko wapi.

Wazo la kuwafundisha wote nota za mistari ndani ya muhula mmoja lilijadiliwa likaachwa, na nadhani ilikuwa sawa kuliacha. Ungekuwa muhula wa kusoma, si wa kupiga. Mtunzi aliandika upya "Kiangazi" kwa do moja kila ukurasa, akazitumia fi (f iliyopandishwa), ta (t iliyoshushwa) na ma (m iliyoshushwa) pale sauti ilipopindishwa, akawaachia kinanda na besi kazi ya kuhamahama chini. Juu ya kila karatasi akaandika mahali do ilipo kwenye chombo husika. Ufunguo wa bendi ukiwa Bb (B iliyoshushwa nusu sauti), tarumbeta inaambiwa do yako ni C, saksafoni alto do yako ni G, tromboni do yako ni Bb. Makosa ya kuhamisha ufunguo, ambayo huwatesa sana wanaoanza bendi za aina hii, yakaisha hapo hapo.

## Ilimba na kinanda

Mazoezi ya kwanza na mzee wa ilimba, mgeni aliyealikwa kuipiga na kuimba nayo, yalivunjika mapema. Kila alipofika kwenye sauti fulani ya skeli yake, kinanda kilikwaruzana nayo. Mwanafunzi mmoja akatoa simu, akafungua programu ya kutyuni, akatangaza kwamba ilimba iko chini kwa senti 30 na kitu (senti 100 ni nusu sauti moja). Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akaipiga tena sauti ileile, akamgeukia mtunzi.

"Mwalimu, mimi nimeimba na hii tangu mdogo, haijawahi kunigombeza. King'ang'anizi ni hicho kinanda chenu. Hakishuki."

Fizikia iko upande wa mzee. Skeli ya uimbaji wa Wagogo inafuata hamoniki, zile sauti zinazozaliwa zenyewe juu ya sauti mama moja. Ukihesabu kuanzia hamoniki ya 6 hadi ya 10 unapata s, ta, d, r, m. Hiyo ta ni hamoniki ya 7, na iko chini ya ta ya kinanda kwa senti 31 hivi, karibu theluthi moja ya nusu sauti. Hata m iko chini, kwa senti 14. Kinanda kimegawa oktava kwenye nusu sauti 12 zilizo sawasawa, kwa hiyo hakina kitufe cha kuziweka hizo.

Palikuwa na njia tatu mezani. Ya kwanza, mzee aityuni ilimba ifuate kinanda. Inawezekana: ndimi za chuma zinasogezwa, ukizifupisha sauti inapanda, ukizirefusha inashuka. Mzee alisema anaweza, ila hataweza kuimba nayo, na alikuwa amealikwa aimbe. Ya pili ilikuwa ya prodyuza: warekodi kama ilivyo, halafu kompyuta inyooshe. Ya tatu, kinanda kinyamaze sehemu nzima, lakini mtunzi aliona akodi zitabaki bila mwenyewe.

Aliyefungua fundo ni mpiga tromboni mmoja kati ya wale wa jeshini. "Ticha, hiyo sauti tunayo. Ni ile tuliyokatazwa."

Tromboni, mtelezo (bomba lake linalovutwa nje na ndani) ukiwa umefungwa kabisa, sauti mama yake ni Bb, na ukiipuliza kwa kupanda inatoa hamoniki za Bb moja baada ya nyingine. Ya 7 inatoka Ab iliyo chini, na kila mwalimu wa brasi humkataza mwanafunzi kuitumia hapo; anafundishwa aichukue Ab kwenye nafasi ya tatu ya mtelezo. Kosa hilo la tromboni ndiyo ta ya Wagogo. Mzee akakubali kuishusha ilimba yote kidogo hadi do yake iwe Bb, akigonga ulimi mmoja mmoja na kusikiliza, na kazi hiyo ilikula sehemu kubwa ya mchana. Uhusiano wa sauti zake kati ya moja na nyingine haukuguswa. Tromboni mbili zilipoishika ile ta pamoja na ilimba, ule mkwaruzo haukuwapo.

Tarumbeta nazo zina hamoniki hiyo bila kubonyeza kitufe chochote, ila iko juu mno. Ni mpigaji wa kwanza tu aliyeifikia, tena kwa kukaza shingo. Ikaachwa kwa tromboni. Saksafoni zikapewa d na s peke yake. Kinanda kikatolewa "Mbegu" yote, na mtunzi, ambaye ndiye aliyekuwa akikipiga, akasimama mbele kuongoza.

Likabaki suala la nguvu ya sauti. Rasimu ilikuwa na tarumbeta nne zikipiga kwa nguvu juu ya ilimba. Kwenye kompyuta inasikika vizuri, kwa sababu kompyuta inakuruhusu kuipandisha ilimba upendavyo. Chumbani haisikiki kabisa. Vizibo vya tarumbeta havikupatikana Dodoma kwa bei ya chuo, kwa hiyo kijana mmoja alitumwa duka la vifaa vya ujenzi akanunue mipira ya kuzibulia sinki, wakang'oa miti yake. Waliokuwa wanacheka waliacha walipoelezwa kwamba wapiga tarumbeta na tromboni wa Duke Ellington, kiongozi maarufu wa bendi ya jazi Marekani, walijipatia jina miaka ya 1920 kwa mpira huohuo. Hata hivyo mipira haikutosha, na mtunzi akalazimika kufuta miliki nyingi za tarumbeta. Aliuma meno.

## "Mvua" na swali la mama kiongozi

Sehemu hii mtunzi aliipenda kuliko zote. Alikuwa ameandika mapigo ya muheme kutoka kwenye rekodi, miliki kwa miliki, na bendi ikahesabu juu yake. Akina mama wa muheme walipokuja, mama kiongozi alisikiliza maelezo ya lini wabadili pigo, akauliza: "Sasa mwanangu, nani anacheza?"

Hakukuwa na mchezaji. Kwao kiongozi wa ngoma hahesabu miliki 16 ndipo abadili; anaangalia wanaocheza, naye mwimbaji anamwangalia yeye. Walijaribu kumfuata mtunzi kwa mkono. Kila badiliko lilikuja ama mapema ama limechelewa, na bendi iliyokuwa ikihesabu karatasi ikabaki peke yake. Akina mama waliondoka kwa heshima na chai, ila mpangilio wa kuwalipa nauli na muda wao ulikuwa wa ziara moja, na fedha ya ziara nyingine haikuwapo.

Mpiga drams na wa tumba walijaribu kuiga. Walikuwa wapigaji wazuri, lakini kilichotoka kilikuwa kitu kingine, na mtunzi mwenyewe alilijua hilo.

## Kukata

Ilikubaliwa kwamba kipande ambacho bendi haijaweza kukipiga mwanzo hadi mwisho bila kusimama ifikapo mwisho wa Juni, kinarahisishwa au kinaondoka. "Mvua" iliondoka nzima. "Mavuno" ikapoteza marudio mawili. Kazi ikabaki dakika 15 hivi.

Mtunzi alilichukulia kama kushindwa, na nilimkumbusha kwamba Ellington mwenyewe, baada ya wakosoaji wengi kuibeza kazi yake ya dakika 45 hivi iliyopigwa Carnegie Hall, New York, Januari 1943, alirekodi studio vipande vyake tu Desemba 1944. Hakufarijika sana. Kukata kulikuwa sahihi. Kilichokosekana ni kukata mapema, maana bendi ilishatumia sehemu kubwa ya Mei kwenye dakika ambazo hazikurekodiwa.

## Kurekodi

Prodyuza alikuwa fundi wa Bongo Fleva, mtu makini, aliyezoea kila mmoja aingie peke yake na hedifoni na metronomu. Hoja yake ilikuwa na uzito: mtu akikosea unarudia sauti yake tu. Wakajaribu saksafoni nne za "Kiangazi" kwa mtindo huo. Kila mmoja peke yake alikuwa safi kwa kipimo cha simu. Zilipounganishwa zilibishana. Mpuliza aliye ndani ya bendi hutyuni kwa sikio dhidi ya jirani yake, nukta kwa nukta. Ukimwondolea jirani anabaki na kumbukumbu.

Wakaamua bendi nzima chumba kimoja, kwa pamoja. Hili halikuwa jambo geni nchini: rekodi za zamani za Radio Tanzania, zile ambazo bado tunazicheza, zilipigwa hivyo. Walikuwa na kadi ya sauti ya njia nane. Maiki mbili ziliwekwa mbele juu, karibu na kiongozi, kubeba bendi yote. Mbili kwa drams. Njia moja kwa besi, moja kwa kinanda, moja kwa anayepiga solo, moja kwa ilimba. Kama tarumbeta zilizidi, walisogezwa nyuma hatua mbili wao na viti vyao. Ukumbi wa mihadhara wenye sakafu ya vigae ulikuwa ukirudisha kila kofi, hadi yalipoletwa magodoro ya hosteli na kuegemezwa ukutani. Umeme ulikatika mara moja katikati ya teki (jaribio moja la kurekodi) nzuri. Baada ya hapo laptopu ikawa kwenye betri na kadi kwenye UPS.

Adui hasa alikuwa upepo. Dodoma ya Julai mchana, mabati yanagonga na vumbi linaingia hata madirisha yakifungwa. Wakaamua kuanza saa moja asubuhi, kabla ya upepo na kabla ya bodaboda kuchangamka. Hapo ndipo baridi ikaingia kwenye hesabu. Alfajiri za Julai hapa hushuka hadi nyuzi 13 au 14, mchana zikapanda hadi 26 au 27. Sauti husafiri kwa kasi zaidi kwenye hewa ya joto, na chombo cha kupuliza hupanda kwa takriban senti 3 kila hewa iliyo ndani yake inapoongezeka nyuzi moja. Pumzi hupasha chombo, kwa hiyo tofauti haifiki kiwango hicho chote, lakini ilibaki ya kutosha.

Tatizo lilijitokeza kwenye kuunganisha. Teki bora ya nusu ya kwanza ya "Kiangazi" ilikuwa ya asubuhi, na ya nusu ya pili ilikuwa ya karibu na saa sita. Zilipounganishwa, bendi nzima ilionekana kupanda ghafla ngazi moja ndogo katikati ya sentensi. Na kwenye "Mbegu", chuma cha ilimba hakikupanda na tromboni, kwa hiyo ta iliyopatikana kwa taabu ikaanza kukimbia. Kuanzia hapo wapuliza walipasha vyombo kwa muda mrefu kabla ya teki ya kwanza, tromboni zikavuta bomba kuu la kutyuni kila baada ya mapumziko kwa kusikiliza ilimba, na ikawa marufuku kuunganisha teki zilizopishana zaidi ya saa moja.

Solo ya saksafoni ya "Mavuno" ndiyo pekee iliyorekodiwa baadaye, kwa sababu mpigaji aliugua. Alipiga vizuri sana. Lakini sikiliza drams chini yake: zinapiga saa, haziulizi wala hazijibu, kwa kuwa siku ile hapakuwa na wa kumjibu.

## Matokeo

Zilitoka sehemu tatu. Zilipigwa kwenye mahafali na rekodi ikasambazwa kwa simu. Nakala ya kwanza ilikuwa na kasoro mbili zilizozua maneno.

Ilimba ina mvumo wa ziada, kama wa nyuki, unaotokana na utando wa buibui uliobandikwa kwenye kitundu cha sanduku. Prodyuza alidhani ni maiki mbovu, akausafisha kwa programu ya kuondoa kelele. Mzee alipochezewa alisema hiyo ilimba si yake. Ikabidi miksi irudiwe, na bahati nzuri traki ghafi zilikuwapo.

Pili, kwenye maelezo ya rekodi waliandikwa mtunzi, kiongozi na kila mwanafunzi aliyepiga solo, halafu "ala za asili". Mjukuu wa mzee aliiona kwenye simu akapiga simu chuoni kuuliza ala za asili ni nani. Makubaliano yalikuwa ya mdomo, juu ya malipo ya siku tu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mpigaji na haki zake, na karatasi moja iliyosainiwa Mei ingemaliza jambo. Nakala mpya ina jina lake, na karatasi ilisainiwa baadaye.

## Uchambuzi

Prodyuza analaumiwa kwa mengi kwenye kisa hiki, na mimi naona analaumiwa kupita kiasi. Karibu kila kilichosumbua siku za kurekodi kilikuwa kimeshaandikwa kwenye nota tangu mwanzo. Ilimba chini ya tarumbeta nne ni uamuzi wa mtunzi, hata kama unaonekana kama tatizo la maiki. "Kiangazi" isiyo na hata miliki moja ya kupumua haina mahali pa kuunganishia teki, na hilo nalo ni la karatasi. "Mavuno" ilikuwa na vituo viwili vya kimya kifupi, na ndiyo iliyounganishwa bila mtu kugundua.

Kuhusu mvumo wa ilimba, hakuna aliyekaa na prodyuza na mzee pamoja kabla ya siku ile, wasikilize chombo kikiwa wazi mbele yao. Angeusikia mara moja.

Kilichofanikiwa zaidi ni "Mbegu", na imefanikiwa kwa sababu mtunzi alikubali chombo chake mwenyewe kinyamaze. Solfa inaifuatia kwa karibu. Wapo wanaosema kwamba kumwandikia mpigaji kwa lugha anayoijua ni kumdumaza. Bendi hii kwa sasa ina vijana watatu zaidi wanaosoma mistari mitano, walioanza kwa kuilinganisha na karatasi zao za solfa. Sijui hoja ya kudumaza itasimama wapi hapo.

"Mvua" ndiyo tunayobishania bado. Mtunzi sasa huenda kwa akina mama bila karatasi, na rasimu mpya haina idadi ya miliki: bendi inabadili kwa ishara ya mama kiongozi, naye anabadili kwa wachezaji. Maana yake wachezaji lazima wawepo wakati wa kurekodi, miguu yao ikitua sakafu ileile yenye maiki. Mtunzi anataka ukumbini, na magodoro chini ya stendi. Prodyuza anataka uwanjani, alfajiri. Mimi niko na prodyuza, ila si Julai.